Uzi Mwekundu Kwenye Pindo la Shuka

Mchungaji, wazee wa kanisa, wafanyakazi wa chumba cha kufulia, majirani na ndugu wote, mliopata kivuli na mliokaa juani, familia imempa mtoto wa pili wa marehemu kazi ya kuwasomea maisha ya mama yake, siyo kwa kuwa ana sauti nzuri, bali kwa kuwa marehemu mwenyewe aliagiza hivyo mwezi wa pili mwaka huu, mbele ya mumewe na mwanawe mkubwa, akisema kwamba huyu binti hajui kusifu, basi aandike yeye. Wengi wenu mnamkumbuka alivyokuwa akirudi mazishini, anavua viatu mlangoni, anakaa, anapumua, kisha anasema, "Leo tumezika malaika, yule jirani yetu sijui wamempeleka wapi." Hakutaka na yeye apotelee njiani namna hiyo, kwa hiyo mtakayoyasikia yamekubaliwa na familia nzima, na mtu mmoja asiye wa familia ambaye yanamgusa alisomewa jana, akaomba lisifutwe hata neno.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 9 Juni 1953, mtoto wa nne kati ya saba wa mfyatua matofali na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya tanuri, ambako, kwa maelezo ya dada yake mkubwa aliyekaa hapa mbele, watoto walijifunza kutambaa juu ya majivu na hakuna nguo iliyokaa nyeupe zaidi ya nusu saa, na huenda hapo ndipo ulipoanzia ugomvi wake wa maisha yote na uchafu. Alikuwa mbishi kidogo, mwepesi wa kucheka, na hakuogopa kitu isipokuwa jogoo.

Alianza darasa la kwanza Januari 1961, akamaliza la saba mwishoni mwa mwaka 1967, akiwa wa pili kati ya wanafunzi arobaini na mmoja, lakini nyumbani nafasi ya kuendelea na masomo alipewa kaka yake wa darasa hilohilo, aliyekuwa wa kumi na tisa, kwa sababu ambazo watu wazima wote hapa mnazijua. Hakununa, alichukua ndoo akaenda kumsaidia baba yake kubeba udongo, ila mpaka uzeeni, kaka huyo alipozidisha maneno mezani, marehemu alikuwa anamwangalia tu na kumuuliza, "Wa ngapi vile?"

Tarehe 4 Februari 1974 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, jengo lile la nyuma lenye bomba la moshi, wakati huo likiwa na masinki matatu ya saruji, pipa la kuchemshia na kamba kumi na mbili za kuanikia, na huko ndiko alikopewa jina la Mama Shuka, kabla hata hajawa mama. Shuka zote za hospitali zilifanana, kwa hiyo zile za wodi ya maradhi ya kuambukiza zilishonewa uzi mwekundu kwenye pindo na za wodi nyingine uzi wa buluu, zile nyekundu zikichemshwa peke yake na kuanikwa kwenye kamba ya peke yake, na mshonaji alikuwa yeye, mishono saba kila pindo, siyo sita wala siyo minane. Kwa miaka thelathini na sita, mpaka alipostaafu tarehe 25 Juni 2010, hakuwahi kuchanganya shuka hata moja, na wenzake waliopo hapa ni mashahidi. Naomba muuweke uzi huo akilini, tutaurudia.

Mwezi Novemba 1975 alikuta ndani ya foronya kitabu kidogo cha Injili, mwenye kitabu ameshafariki, ndugu zake hawakitaki, na muuguzi mkuu akamwambia akichome pamoja na takataka nyingine. Badala ya kukichoma alikisoma, saa za chakula cha mchana, akiwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, na alipofika kwenye yale maneno ya Bwana kuhusu mgeni aliyekaribishwa na mgonjwa aliyetazamwa, aliyasoma kama alivyosoma maagizo ya kuchemsha shuka, yaani kitu cha kufanywa, siyo cha kutafakariwa. Alibatizwa Jumapili ya Pasaka, tarehe 18 Aprili 1976. Wengine wetu tunasikia Neno tunasema Amina, tunaenda kula, yeye alisikia akaanza kutafuta kitanda, na mengi mazuri na machungu mtakayosikia yametoka hapo.

Tarehe 11 Desemba mwaka huohuo alifunga ndoa na fundi baiskeli, ambaye alimfahamu alipompelekea gurudumu lenye pancha, akalirudisha baada ya siku tatu lina pancha tena, akalirudisha mara ya tatu, ndipo baada ya harusi fundi akakiri kwamba mwiba ulikuwa mmoja na aliuacha makusudi. Mzee huyu anajiita Mkristo wa kiasi, na alidhani kiasi kinaambukiza. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza mvulana, aliyezaliwa tarehe 3 Oktoba 1977 na ambaye sasa ni seremala, wa pili msichana, aliyezaliwa tarehe 22 Julai 1980, ndiye anayesoma mbele yenu, na wa tatu msichana, aliyezaliwa tarehe 5 Machi 1984, tuliyemwita Pilipili, kwa kuwa alipofika miaka mitatu alimuuliza mchungaji wa wakati ule, mbele ya watu, kama mahubiri yana mwisho.

Mgeni wa kwanza aliingia nyumbani kwetu Mei 1982, mama mmoja aliyeruhusiwa kutoka wodini, hana wa kumpokea, na kitanda chake kinamsubiri mgonjwa mwingine. Nyumba ilikuwa na sebule na vyumba viwili, kimoja cha wazazi, kimoja cha watoto, hivyo mgeni alipewa kitanda cha dirishani kwenye chumba cha watoto, kitanda cha kaka, na kaka akahamia chini kwenye godoro. Alikaa chini hapo miaka minane. Akiulizwa leo kwa nini kila nyumba anayoitwa kutengeneza samani anaanza na vitanda, anacheka, anaendelea kupima. Wageni walikuja mmoja akiondoka mwingine akiingia, marehemu hakuwahesabu, mumewe aliwahesabu na anasema ni sitini na watatu, na kila mgeni mpya alipokaribishwa mzee alikuwa anajisemea kwa sauti ya kusikika, "Nilioa mke, sikuoa wodi." Hata hivyo aliinuka kuwapisha kiti.

Ndugu zangu, sasa tunafika kwenye uzi. Shuka za nyumbani hazikuwa na alama yoyote. Mwenzake mmoja wa kazini aliyekuja kumtembelea alishangaa, akamuuliza inakuwaje mtu wa mishono saba anafua shuka za wagonjwa na za wanawe katika beseni moja, na marehemu akamjibu kwamba kule ni mgonjwa, huku ni mgeni, na mgeni hatiwi alama kama ng'ombe. Jibu hilo lilisifiwa sana, lilitajwa hata kanisani, na watu walilipigia makofi. Waliopiga makofi hawakuwa wakilala chumba kile.

Februari 1990 kitanda cha dirishani kilipewa mlinzi wa ghala, kijana wa miaka thelathini na tisa, aliyetoka wodini akiwa na dawa za kifua kikuu za kuendelea nazo kwa miezi kadhaa. Alikuwa mcheshi, anajua kupiga mluzi wa ndege wa aina nyingi, na Pilipili alikuwa haondoki ukingoni mwa kitanda chake, akimwagiza ndege huyu na yule kama mtu aliye dukani. Ilipofika Aprili alijiona amepona, dawa zinamtia kichefuchefu na kumbadilisha rangi ya mkojo, akaona aibu kusema, akawa anazitupa chooni kidonge kimoja kimoja kila asubuhi, na kikohozi kiliporudi akakifunika kwa mluzi. Hakuna aliyejua. Mwishoni mwa Julai Pilipili alianza kuumwa kichwa, akawa anatapika, akawa anasinzia mchana, akanyamaza, na hilo la kunyamaza ndilo lililotutisha, akalazwa tarehe 14 Agosti, na alifariki Jumatatu, tarehe 27 Agosti 1990, saa nne na robo asubuhi, kwa homa ya uti wa mgongo iliyotokana na kifua kikuu, akiwa na miaka sita na nusu. Alikuwa amelalia shuka ya hospitali, na kwenye pindo lake, karibu na mkono wake, kulikuwa na mishono saba myekundu ya mama yake.

Daktari, mtu mpole sana, alimweka marehemu kwenye kiti akamweleza kwamba ugonjwa ule hausafiri kwa shuka, husafiri kwa pumzi, kwamba angeshona nyuzi za rangi zote duniani mtoto angeendelea kuvuta hewa ya chumba kile. Alikusudia kumfariji. Marehemu alimshukuru kwa heshima, na hakuamini lile la shuka siku hiyo wala siku nyingine yoyote, maana kwake uzi ndio aliokuwa nao mkononi na hakuutumia.

Mlinzi alikiri mwenyewe, siku ya tatu ya msiba, sebuleni, mbele ya wanaume, akiwa amesimama. Fundi baiskeli aliinuka, wakamshika. Marehemu alitoka jikoni, akamwambia mlinzi akae, kisha akawahamishia wanawe wawili kwa dada yake wakapimwe na wakae huko, na yeye akabaki na yule mtu ndani ya nyumba, mlinzi akilala kwenye kitanda kilekile, dirisha limeachwa wazi mchana na usiku, akisimama mbele yake kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu mpaka ameze dawa na kufungua mdomo kuonyesha kwamba amemeza. Ilikuwa hivyo kwa miezi minane. Mtoto wa pili, mwenye umri wa miaka kumi, alirudishwa nyumbani siku moja kuchukua madaftari yake, akamkuta mama anampa mlinzi maji ya kumezea katika kikombe cha bati cha buluu, ambacho kilikuwa cha Pilipili.

Alimuuliza mama yake kwa nini, na mama, bila kumtazama, akasema, "Nikimfukuza, wangu hatarudi."

"Na ukimweka?"

"Hatarudi vilevile."

Hayo ndiyo maelezo pekee aliyopewa mtoto huyo, na ameyabeba mpaka leo bila kujua ayaweke wapi. Tarehe 1 Oktoba 1990 fundi baiskeli alihamishia godoro lake kwenye karakana, akalala huko miaka kumi na mmoja, ingawa kila siku saa saba mchana alikuja kula, akikaa na kuupa mgongo mlango wa chumba cha watoto, na mtu akimuuliza kama ameachana na mkewe aliwaka, "Nani kaacha mke? Nimeacha wodi." Kaka mkubwa, waliporudishwa nyumbani, hakuhama, aliacha tu kuzungumza mezani.

Kanisa nalo lilikuwa na haja yake. Jumapili moja ya Januari 1991 marehemu aliombwa atoe ushuhuda, kwa kuwa habari za mlinzi zilikuwa zimeenea na watu walitaka kusikia namna imani inavyoshinda, akapanda mbele na kitenge chake cha kazini, akasema, "Nilimtii Mungu, na mwanangu akafa. Sijui niyaunganishe vipi haya mawili, mwenye kujua anifundishe." Akashuka. Mchungaji wa wakati ule alianzisha wimbo haraka, na kwa muda mrefu hakuombwa tena ushuhuda. Wapo waliosema amerudi nyuma, lakini Jumapili iliyofuata alikuwa kwenye kiti chake, na iliyofuata, na zote, na Septemba mwaka huo mgeni mwingine aliingia, safari hii katika kibanda cha uani alichojengewa na majirani wakisaidiwa na mwanawe, chenye madirisha matatu. Hakuacha imani wala haikumfariji, na familia inaona ni haki yake kwamba yote mawili yasemwe.

Mtoto wa pili aliondoka nyumbani mwaka 1997, akiwa na miaka kumi na saba, akasomea ualimu wa hesabu, na tangu hapo alikuja siku mbili kwa mwaka, kila mara akiwa na udhuru wa kuondoka mapema. Alimwambia mama yake kwa kinywa chake, Desemba 2003, kwamba yeye alimpenda kila mgonjwa wa nchi hii kuliko watoto aliowazaa, na mama hakukana, akaendelea kukuna nazi. Fundi baiskeli alirejea mwaka 2001, akidai paa la karakana linavuja, na kaka anasema alipopanda kulitazama hakuona tundu.

Jumapili, tarehe 12 Novemba 2023, baada ya ibada, marehemu alipata kiharusi akiwa anavua viatu mlangoni, upande wa kushoto ukafa ganzi, ulimi ukawa mzito, akili ikabaki nzima na ukali wake. Kwa kuwa shule zilikuwa zinakaribia kufungwa, mtoto wa pili alikuja kwa wiki mbili, akaomba likizo, akakaa miezi sita. Kukunja shuka, kama wenzake wa kufulia wanavyojua, ni kazi ya watu wawili, unashika pembe zako, mwenzio zake, mnavuta, kisha mnaendeana mpaka mikono ikutane, na marehemu hakukubali shuka ikunjwe na mtu mmoja nyumbani kwake, akawa anashika pembe moja kwa mkono wa kulia, ya pili kwa meno, akiwa kwenye kiti, na binti ndiye anayemwendea. Walikunja hivyo kila Jumamosi. Hawakuzungumza kuhusu mwaka 1990.

Aprili mwaka huu wajukuu walikuja, wakawa wanapanda kitandani kwa bibi yao, na walipotoka nje kucheza marehemu alimwita binti yake, akamwambia achukue sindano, amshonee uzi mwekundu kwenye shuka yake. Binti akamweleza kwamba kiharusi hakiambukizi.

"Najua. Shona."

Binti alishona, mama akihesabu kwa midomo, na ulipofika mshono wa saba mama alisema, taratibu, kwa ule ulimi mzito, "Ningeshona hivi." Basi. Alikuwa anasubiri, na anayesoma hapa alijua anasubiri nini. Angeweza kumwambia maneno ya daktari, kwamba ni pumzi na siyo shuka. Angeweza kumwambia kwamba alikuwa mama mzuri siku nyingi na siku nyingine hakuwa. Alikata uzi kwa meno, akaenda kuangalia chungu, kwa sababu kwa miaka thelathini na minne alikuwa amesubiri kusikia maneno yale, na alipoyasikia aliyaona madogo, yametoka kwa mwanamke mgonjwa mwenye kilo arobaini na nne, na akaona aibu. Alijiambia atayajibu kesho. Hali ya marehemu ilibadilika tarehe 9 Mei, akarudishwa hospitali, hakuweza tena kusema, na alifariki Alhamisi, tarehe 16 Mei 2024, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka sabini, miezi kumi na moja na siku saba. Ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne waliomhudumia usiku na mchana, na wafuaji waliopanda ngazi kila asubuhi kumbadilishia shuka wenyewe wakikataa mtu mwingine aziguse, inawashukuru majirani kwa maji, viti na turubai, wanakwaya, wazee wa kanisa, mafundi wenzake baba, walimu wenzake mtoto wa pili, na mchungaji wetu wa sasa, aliyemtembelea mara nyingi na kukaa kimya naye pasipo kuanzisha wimbo.

Marehemu aliacha ombi moja kuhusu siku ya leo. Katika watu sita watakaobeba jeneza awemo yule mlinzi, ambaye sasa ni mzee wa miaka sabini na mitatu, na ambaye kila tarehe 27 Agosti tangu mwaka 1991 amepalilia kaburi la Pilipili, huku mtoto wa pili kila mara akipita njia nyingine ili wasikutane. Yupo hapa, karibu na ukuta. Naona vichwa vimeanza kugeuka, naomba msimtazame, hilo nalo ni ombi la marehemu. Mtoto wa pili hawezi kuwaambia kwamba amemsamehe, maana aliambiwa asiandike uongo, lakini jeneza lina vishikio sita, cha nyuma kushoto atashika mzee huyo, na cha nyuma kulia ameomba ashike yeye.

Na neno la mwisho. Mama alizikwa, yaani atazikwa, akiwa amefunikwa kwa ile shuka yake ya nyumbani. Leo asubuhi, kabla hawajaja kumchukua, niliomba niachwe naye kidogo, nikakaa, nikaufumua ule uzi mwekundu, mshono mmoja mmoja, yote saba, na kwa kila mmoja nilimwambia nilichopaswa kumwambia Aprili. Uzi ninao hapa mfukoni. Shuka yako haina alama yoyote, Mama, unakwenda kama mgeni, nawe upokelewe kama ulivyopokea. Pumzika kwa amani.